Ruhusa ya Kuondoka

Kila mwaka, joto la Julai likikaribia kwisha, watoto wa Green Bay katika jimbo la Wisconsin hudamka na kwenda kupanga baiskeli zao nje ya uwanja wa Lambeau. Wanawasubiri wachezaji wa Packers watoke vyumba vya kubadilishia nguo kwenda kiwanja cha mazoezi, ng'ambo ya barabara. Mchezaji akitokeza huchagua baiskeli na kuipanda, na mwenye baiskeli hukimbia pembeni yake huku amembebea kofia yake ngumu ya kuchezea. Jitu la kilo 140, magoti yamefika kidevuni, linakanyaga pedeli za baiskeli ya mtoto wa miaka minane! Desturi hii ina zaidi ya nusu karne, tangu enzi za kocha Vince Lombardi, na wapo waliokimbia pembeni utotoni ambao leo wanapeleka wajukuu.

Naanza na baiskeli kwa sababu takwimu za uwanjani hazitoshi kueleza kisa hiki. Mji mzima ulimlilia mtu alipotangaza kuacha kazi, ukamzomea alipoirudia, na wapo ambao hadi leo hawajui kama walikosea mara ya kwanza au mara ya pili.

Green Bay ni mji wa watu laki moja na ushei. Timu nyingine za ligi ya NFL zina miji kama New York, Chicago na Dallas nyuma yao, na nyuma ya miji hiyo kuna matajiri. Packers haina tajiri. Ilizaliwa mwaka 1919, ikachukua jina la kampuni ya kusindika nyama iliyotoa fedha za jezi, na tangu 1923 ni mali ya wananchi. Klabu ikikwama kifedha huuza hisa. Mwaka 1997 hisa moja iliuzwa dola 200, na zikanunuliwa kama 120,000. Sasa wenye hisa wamepita nusu milioni. Hisa yenyewe haina gawio, huwezi kuiuza kwa faida, na haikupi hata kiti uwanjani. Unapata cheti cha kutundika sebuleni na kura moja katika mkutano wa mwaka. Kwa hesabu ya dukani huo ni wazimu, lakini kila zikitangazwa watu huzigombania. Tiketi za msimu nazo zina orodha ya kusubiri yenye majina zaidi ya laki moja, na wazazi huandikisha watoto wachanga wakijua kwamba huenda jina likafikiwa mtoto akiwa na mvi. Waliozipata huzirithisha kama shamba.

Katika futiboli ya Kimarekani kuna mtu mmoja anayeitwa kwotabeki. Kila mpira unapoanzishwa hupita mikononi mwake, na ana sekunde tatu hivi za kuamua ampe nani au amrushie nani, huku watu wazito kumzidi wanamjia wambwage chini. Katika soka ya kwetu namba kumi anaweza kupotea dakika ishirini na mchezo ukaendelea. Kwotabeki hana pa kujificha. Tena mechi ni chache: wakati wa kisa hiki kila timu ilicheza 16 kwa msimu, nane tu zikiwa nyumbani. Mtu wa Green Bay aliyetaka kumwona kipenzi chake kwa macho alikuwa na alasiri nane kwa mwaka, nyingine za theluji hadi magotini.

Kipenzi mwenyewe, Brett Favre, hakuwa mtoto wa theluji. Alikulia Kiln, kijiji cha jimbo la Mississippi karibu na Ghuba ya Mexico, na kocha wake wa shule alikuwa baba yake mzazi, Irvin. Timu ya Atlanta ilimsajili 1991 ikamwona mzigo, na Februari 1992 ikamtoa kwa Packers. Septemba mwaka huo kwotabeki wa kwanza aliumia kifundo cha mguu katika mechi na Cincinnati. Favre akaingia, akaudondosha mpira mara kadhaa, akawakera mashabiki wake mwenyewe, kisha zikiwa zimebaki sekunde 13 akarusha pasi ya bao. Matokeo yakawa 24 kwa 23. Alianza mechi iliyofuata, na hakukosa kuanza mechi ya ligi hata moja mpaka Desemba 2010. Jumla ni mechi 297 mfululizo, 253 kati ya hizo akiwa na Packers, katika mchezo ambao kutoka kwa machela ni jambo la kila wiki.

Kabla yake Packers ilikuwa na miaka karibu 25 ya ukame. Ubingwa wa mwisho ulikuwa wa Januari 1968, na tangu hapo timu ilifika hatua ya mtoano mara mbili tu. Favre alichukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997, ya tatu akigawana na Barry Sanders wa Detroit, na Januari 1997 akaurudisha ubingwa kwa kuifunga New England 35 kwa 21. Lakini mataji peke yake hayamfanyi mtu apendwe hivyo. Alipendwa kwa sababu alicheza kama mvulana aliyetoroka shule. Alirusha mipira ambayo hakuna kocha angeiruhusu. Nusu ilizaa mabao ya ajabu, nusu ilidakwa na adui, na yeye alicheka kote kuwili.

Na shida zake zilijulikana kwa kila mtu. Mwaka 1996 alisema hadharani kwamba amekuwa mtumwa wa vidonge vya kutuliza maumivu, akaenda kutibiwa. Mkewe alipata saratani ya matiti 2004, na kimbunga Katrina kikaibomoa nyumba ya wazazi wake 2005. Baba yake alifariki ghafla Desemba 21, 2003, na usiku uliofuata Packers ilikuwa na mechi ugenini Oakland, mbele ya mashabiki wenye sifa ya ukorofi kuliko wote Marekani. Alicheza. Alirusha pasi nne za mabao, Packers ikashinda 41 kwa 7, na hao wakorofi wa Oakland wakasimama kumpigia makofi. Mzee wa Green Bay atakusimulia usiku ule kama anayesimulia msiba wa nyumbani kwake, atakwambia alikaa kiti gani na nani alikuwa jikoni.

Mpira wake wa mwisho kwa Packers ulirushwa Januari 20, 2008. Ilikuwa nusu fainali dhidi ya New York Giants, uwanja wa Lambeau, baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mechi ilikwenda muda wa nyongeza, Favre akarusha, beki wa Giants akaudaka, na muda mfupi baadaye Giants wakashinda 23 kwa 20. Machi 4 habari zikatoka kwamba anastaafu, na siku mbili baadaye akaketi mbele ya waandishi, ndevu za siku kadhaa zimeota mvi, akalia. Alisema kwa ufupi kwamba kucheza bado anaweza, ila hamu ndiyo imekwisha. Alikuwa na miaka 38. Wengi walilia naye mbele ya televisheni zao, na mtu aliyekuwa darasa la kwanza Favre alipoanza sasa alikuwa mtu mzima anayelipa kodi ya nyumba.

Waandishi wetu wa michezo husema mchezaji "ametundika daluga", na ni usemi mzuri, unauona mpaka msumari. Lakini hapa neno la ofisini linafaa zaidi. Kustaafu asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni kuomba uachiliwe, uondolewe wajibu uliokuwa juu yako. Ni ombi. Na ombi lazima awepo anayeombwa. Mwajiri hujibu kwa barua, ila katika michezo kuna mwingine anayejiona anaombwa yeye, naye hukaa jukwaani. Machozi ya Machi 2008 yalikuwa njia ya Green Bay ya kusema: ombi limepokelewa, nenda kwa heri.

Kama umeshatoa ruhusa kwa machozi, aliyeruhusiwa akirudi utafanya nini?

Julai 11, 2008, Favre aliiandikia klabu akitaka aachwe huru ili acheze tena. Kwa anayehesabu kwa miezi mwandamo, tangu Machi 4 ilikuwa ni kama jana yake tu eda ya mjane imetimia. Mji ulikuwa ndiyo kwanza umeanua matanga, na maiti akabisha hodi. Klabu kwa upande wake ilishamkabidhi timu Aaron Rodgers, kijana aliyekaa benchi miaka mitatu akimsubiri mzee aondoke. Mwezi huo huo wenye hisa wakakutana uwanjani kwa mkutano wao wa mwaka, na pengine hakuna mkutano wa wanahisa duniani uliojaa watu waliotaka kuuliza jambo moja ambalo halimo katika mahesabu. Wengine waliandamana nje ya uwanja wakitaka arudishwe. Wengine walisema neno ni neno, ameaga, basi. Ndugu walikosana mezani.

Usiku wa Agosti 3 Packers walikuwa na mazoezi yao ya kila mwaka mbele ya familia, uwanja umejaa kama siku ya mechi. Ndege iliyombeba Favre ilitua mjini jioni ile ile. Rodgers akaingia uwanjani. Kijana hakuwa amekosa lolote, hakumfukuza mtu, hakupoteza mechi kwa sababu hakuwa ameanza hata moja. Alizomewa na sehemu ya watu wake mwenyewe, huku wengine wakimshangilia kwa nguvu ili kuzifunika zile kelele. Katika kisa kizima hapa ndipo ninapowaonea haya mashabiki. Mwombolezaji anasamehewa mengi, lakini asimpige mtoto wa jirani.

Iliripotiwa kwamba klabu ilikuwa tayari kumlipa Favre dola milioni 20 kwa miaka kumi ya kuitangaza, ilimradi abaki mstaafu. Alikataa, na siku chache baadaye akauzwa New York Jets. Mkataba wa mauzo ulikuwa na sharti linaloonyesha hofu ilikuwa wapi hasa: Jets wakithubutu kumpeleka Minnesota Vikings, watailipa Packers haki tatu za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza, bei ya kufilisi timu. Minnesota ni jimbo jirani, na Vikings ni watani wa jadi. New York ilikuwa mbali na ligi yao ndogo ilikuwa nyingine. Mtu akioa mji wa mbali unaweza kuzoea. Akioa nyumba ya pili kutoka kwako, utamwona kila asubuhi akifagia uwanja.

Sharti halikufaa kitu. Favre alicheza msimu mmoja New York, akastaafu tena Februari 2009, Jets wakamwacha huru, na Agosti 18 akasaini Vikings. Anayejua maana ya mchezaji kutoka Msimbazi kwenda Jangwani hahitaji nimweleze zaidi.

Novemba 1, 2009, aliingia Lambeau na jezi ya zambarau. Namba ilikuwa ile ile, 4, ambayo maelfu ya watu majukwaani walikuwa nayo kabatini kwa rangi ya kijani. Walianza kumzomea alipotoka kupasha misuli, na walirudia kila alipogusa mpira. Alikuwa ametimiza miaka 40 wiki tatu kabla yake. Akarusha pasi nne za mabao, Vikings wakashinda 38 kwa 26. Msimu ule, akiwa mzee, alicheza vizuri kama alivyowahi kucheza maishani: pasi 33 za mabao na 7 tu zilizodakwa.

Ajabu ya mchana ule ni kwamba walikasirika kwa sababu walikuwa wamelia. Timu zenye mashabiki baridi hazizomei namna ile. Mchezaji wa zamani akirudi hupigiwa makofi ya adabu, watu wakaendelea na soda zao. Hawa walikuwa wanadai kitu. Walitoa ruhusa, na ruhusa ikatumika kwenda mahali ambapo kama wangeulizwa wasingekubali. Najua jibu la haraka ni kwamba mchezaji si mali ya shabiki. Ni kweli, na mahakama yoyote itakubali. Lakini mtu mwenye cheti cha hisa ukutani, aliyerithi kiti kwa baba yake, ambaye mwanawe alikimbia pembeni ya baiskeli kabeba kofia, kumwambia kwamba yeye ni mteja tu ni kumwambia uongo ambao klabu yenyewe haijawahi kumwambia wakati wa kumuuzia tiketi.

Wapo waliotangaza kustaafu kwa namna iliyonyima mashabiki nafasi ya kutoa ruhusa yoyote. Barry Sanders, yule aliyegawana tuzo na Favre, alituma faksi kwa gazeti la mji aliozaliwa Julai 1999, siku ambazo kambi inafunguliwa, akaondoka. Tom Brady alistaafu Februari 2022, akabadili mawazo baada ya siku 40. Siku moja kabla ya kubadili, mtu alikuwa ameshinda mnada wa mpira uliodhaniwa kuwa wa bao lake la mwisho, kwa zaidi ya dola 518,000. Mnada ulifutwa, na nadhani yule mnunuzi ndiye mtu pekee Marekani aliyerudishiwa gharama za maombolezo.

Lakini anayefaa kulinganishwa na Favre ni Andrew Luck wa Indianapolis. Alikuwa na miaka 29. Alikwisha kuchanika figo, kuumia bega mpaka akakosa msimu mzima wa 2017, na sasa mguu. Agosti 24, 2019, timu yake ilikuwa inacheza mechi ya maandalizi na Chicago, mechi isiyo na pointi, yeye amesimama kando kwa nguo za kawaida. Mechi haijaisha, mwandishi mmoja akaitoa habari: Luck anastaafu. Simu zikaanza kung'aa jukwaa baada ya jukwaa. Watu walisoma, wakamtazama, yule pale, amesimama. Alipotoka kwenda vyumbani wakamzomea. Usiku huo huo, mbele ya waandishi, akilengwa na machozi, alieleza mzunguko wa kuumia, kutibiwa na kuumia tena, na akakiri kwamba zile kelele zilimuuma.

Wengi waliwalaani mashabiki wa Indianapolis kesho yake, na sikatai. Ila naona kwamba walichokosa usiku ule ni muda. Green Bay ilipewa siku mbili kati ya habari na mkutano wa waandishi, na kabla ya hapo misimu kadhaa ya tetesi, maana Favre alikuwa na tabia ya kusitasita kila mwaka kama abiria aliyekata tiketi ila hapandi basi. Indianapolis ilipewa robo ya mwisho ya mechi. Kilichotoka vinywani mwao ni kile ambacho kwa kawaida hutoka wakati hakuna anayesikia, mtu amepigiwa simu ya msiba na jambo la kwanza analofanya ni kumfokea aliyepiga. Mwili wa Luck wenyewe ulikuwa umeomba ruhusa tangu 2015, na hakuna aliyeusikia, kwa kuwa alikuwa anashinda.

Mwisho wa Favre ulikuja Desemba 20, 2010, kwenye kiwanja kilichoganda cha Minneapolis, baada ya kubwagwa na beki wa Chicago. Kichwa kiligonga ardhi. Hakucheza tena. Wiki saba baadaye, Februari 2011, Rodgers, yule kijana wa kuzomewa, aliipa Packers ubingwa. Huo ndio ulioponya mji, kwa maoni yangu, kuliko msamaha wowote. Aliyeshiba ni mwepesi wa kusahau deni. (Rodgers naye, baada ya miaka mingi na kusitasita kwingi juu ya kustaafu, aliuzwa 2023. Kwa nani? New York Jets. Green Bay safari hii waliipokea habari hiyo kama watu walioiona sinema.)

Hata hivyo klabu haikuharakisha kuistaafisha jezi namba 4. Rais wa klabu alisema wazi kwamba asingependa Favre aje kuheshimiwa kisha azomewe. Ilichukua hadi Julai 18, 2015. Sherehe yenyewe ilikuwa karamu ya usiku katika ukumbi wa ndani wa Lambeau, watu wa suti na meza zenye vitambaa. Wananchi waliruhusiwa kuingia uwanjani na kuitazama karamu kwenye skrini kubwa. Tiketi dola 4, kwa heshima ya jezi.

Miaka iliyofuata imeleta mengine. Jimbo la Mississippi limemfungulia kesi ya madai juu ya fedha za misaada ya maskini; hajashtakiwa kwa jinai na anakana kosa. Septemba 2024, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikijadili fedha hizo hizo, alisema amegundulika na ugonjwa wa Parkinson. Mashabiki wanabeba na hayo, kila mmoja kivyake.

Lakini jioni ile ya 2015 hayo hayakuwapo bado. Walikuja 67,000, jua la kiangazi, hakuna mechi, hakuna theluji, kwenda kuwatazama watu wengine wakila chakula cha jioni. Kabla ya karamu Favre alitoka kwenye njia ya wachezaji, akakanyaga majani. Kelele zilianza kabla hajaonekana vizuri, akasimama, akanyanyua mkono awanyamazishe apate kusema, wakakataa kunyamaza. Akaushusha mkono, akangoja mpaka wamalize.